Chumba cha Bisibisi na Majibu ya Dakika Ishirini

Mdogo wangu alizaliwa amelala. Mkunga alimpiga vikofi viwili ndipo akafungua jicho moja, akakitazama chumba, akalifunga tena. Mama alituhadithia hivyo mpaka anafariki, na mimi namwamini, kwa sababu leo mtu ana miaka arobaini na minne na bado anaiangalia dunia kwa jicho moja. Lile la pili liko huko huko alikotoka.

Ni mtunza maabara katika idara ya kompyuta, chuo kikuu. Wanafunzi wanamwita Bisibisi, kwa sababu pale kwenye mfuko wa shati ambapo wahadhiri wanachomeka kalamu, yeye anachomeka bisibisi ndogo ya mpini mwekundu. Hajakasirika hata siku moja kuitwa hivyo. Hata mimi dada yake, nikiwa na haraka, namwita hivyo hivyo, na haraka ninayo muda wote. Tunafanya kazi jengo moja. Yeye ana chumba kimoja, namba kumi na nne, ghorofa ya kwanza. Mimi nadeki ghorofa zote tatu, maana vumbi halichagui.

Chumba hicho ukikiingia saa nane mchana lazima usimame kidogo mlangoni. Madirisha ni marefu, yanatazama magharibi, na mapazia zamani yalikuwa ya buluu, sasa yamefifia yamekuwa rangi ya maji ndani ya glasi. Jua likiyapiga, chumba kizima kinakuwa kama kimezama. Feni ya dari inazunguka polepole, utadhani inafikiria. Mezani kompyuta kuukuu ishirini na nne zinavuma, kila moja kwa sauti yake, na katikati yao amekaa mdogo wangu, kidevu mkononi, anasikiliza.

"Njoo usikie, dada," ataniambia. "Hii ya pembeni inaota."

"Inaota nini?"

"Sijui. Ilikuwa inafanya kazi, imeacha, na bado inatetemeka kidogo."

"Na wewe unatetemeka hivyo hivyo ukilala kwenye kochi langu. Inua miguu nipitishe dekio."

Miaka kumi na tisa amefundisha somo moja humo, ingawa kwa cheo si mwalimu. Ni somo la mwaka wa kwanza, wiki kumi na nne, na limesimama juu ya sharti moja alilolitunga mwenyewe: anayefungua hafungi. Kundi la kwanza linapewa kompyuta nzima. Linaifungua skrubu kwa skrubu, linatandaza kila kipande mezani, linachora na kuandika: hiki kilikaa hapa, waya huu uliingia pale, skrubu hii fupi usiichanganye na ile ndefu. Kisha wanatoka. Linaingia kundi la pili, ambalo halikuona kitu, linakabidhiwa vipande na michoro, basi. Kuwauliza wenzao ni marufuku. Mashine ikiwaka, kundi la kwanza limefaulu. Isipowaka, waliofeli ni waliochora, si waliofunga.

Wiki ya kwanza huwa ni manung'uniko matupu. Utawasikia: "Bisibisi, sisi tumefungua vizuri, hawa ndio vichwa vigumu." Naye, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa sasa hivi: "Vichwa vigumu ndio mnaowaandikia. Wepesi hawahitaji mchoro." Ikifika wiki ya tano wanaandika kwa adabu kama wanaandikia posa.

Mwaka jana, miezi ya joto, Mkuu wa Idara aliingia chumba namba kumi na nne na karatasi mkononi. Nisimseme vibaya. Ni mama mpole, daktari wa vitabu si wa sindano, na huwa ananisalimia kabla sijamwahi. Alivuta kiti, akakaa, akaitazama feni kwanza, maana chumba hicho kinamfanyia kila mtu hivyo.

"Fundi," alisema mwishowe, "shahada yetu imezeeka. Kazi za siku hizi hazifungui kompyuta. Kompyuta yenyewe huioni, iko mbali huko, unaikodi kwa mtandao. Waajiri wanataka takwimu, wanataka akili bandia, wanataka usalama wa mitandao. Kuna mambo lazima yaingie, na kuna ya kutoka ili hayo yapate nafasi."

"La kutoka ni langu," akasema mdogo wangu.

"Ndilo pendekezo. Chumba kiwe cha somo jipya, na wewe uhamie stoo kuu. Lakini haijaamuliwa. Kanuni za chuo zinasema wanafunzi waulizwe kwanza, na mimi nitawauliza kweli, si kwa kutimiza wajibu tu. Wakisema libaki, nitalitetea. Fomu inatoka Jumatatu."

"Basi waulizwe."

Alisema hivyo kama ameambiwa mvua itanyesha na nguo zilizoanikwa ni za jirani. Mama wa watu alipotoka, niliegemeza dekio ukutani.

"Wewe bwana, umesikia ulichoambiwa?"

"Nimesikia."

"Sasa zunguka madarasani. Wakumbushe ulivyowafundisha. Wakutetee."

"Ukimshika mtu mkono wakati anajaza fomu, dada, aliyejaza si yeye."

"Na stoo je?"

"Stoo ina viti."

"Vibovu."

"Ndiyo, vibovu," alikubali, akageuka kutazama pazia.

Fomu ikatoka. Ilikuwa kwenye mtandao, maswali kumi na moja, kila swali na majibu matano ya kuchagua, kuanzia "Nakubali kabisa" hadi "Sikubali hata kidogo". Na ili pasiwe na wa kukwepa, ofisi ya mitihani ikafunga matokeo nyuma yake: hujajaza fomu, huoni ulifaulu au ulifeli. Kujaza kwenyewe hakukudai jambo kubwa, namba yako ya usajili tu. Wiki ile joto lilikuwa limelala juu ya chuo kama mgonjwa. Wanafunzi walitembea kwa kuburuta ndala. Hata mbu walichoka. Mdogo wangu hakumwuliza mtu kitu.

Asubuhi moja tukinywa chai kwenye ngazi za nyuma aliniambia alichoota. Alikuwa anatembea ndani ya kompyuta kubwa kama nyumba ya ghorofa, milango yote wazi, kila chumba kimewashwa taa ya kijani. Hakuona mtu, ila alisikia watu wakizungumza chumba kinachofuata, na kila akiingia, mazungumzo yanakuwa yamehamia cha mbele. Hakuogopa. Alikuwa anataka tu kusikia wanasemaje.

"Ndoto ya mtu aliyekula akalala chali," nilimwambia. Lakini chai yangu ilipoa mkononi.

Jumatano sikumkuta chumbani kwake. Nilimtafuta mpaka stoo kuu, nyuma ya ukumbi. Humo ndimo vinamopelekwa viti vilivyovunjika kusubiri fundi ambaye hajawahi kuajiriwa. Nilimkuta ndani, amekaa kwenye kiti cha miguu mitatu, mgongo ameuegemeza ukutani, macho amefumba.

"Unafanya nini humu?"

"Najaribu."

"Hakuna dirisha."

"Nimeona. Nilikuwa nasikiliza." Alifumbua macho. "Hakuna kinachovuma, dada."

Hapo ndipo nilipojua kwamba yule mtu wa basi-waulizwe alikuwa ameumia siku zote. Ninamfahamu tangu ana siku moja, na bado hilo alinificha.

Alhamisi asubuhi Mkuu wa Idara alileta majibu. Aliyaleta mwenyewe, hakutuma mtu, na alisimama, hakukaa. Wanafunzi mia nne na tatu, wote wamejaza. Maswali yote kumi na moja, wote "Nakubali kabisa", likiwemo lile la tano lililouliza kama somo la chumba namba kumi na nne liondolewe.

"Sikutegemea, Fundi," alisema. "Nilidhani watagawanyika. Bodi inakaa Jumanne. Nimekuletea orodha yenyewe, nimeona ni haki yako kuiona."

Aliondoka kwa hatua za mtu anayetoka wodini.

Mimi nilianza kuwachambua wanafunzi mmoja mmoja. Yule wa miwani aliyemwaga uji wote kwenye kibodi na Bisibisi akamsafishia. Wale mapacha waliolia hapo mlangoni wiki ya pili, wakacheka wiki ya tisa. Nimewafutia tope la viatu miaka minne, nikawafagilia maganda ya karanga chini ya viti, na shukrani yao ndiyo hii. Nilisema mengi. Mdogo wangu hakusikia hata moja. Alikuwa ameweka orodha juu ya meza, kidole kinashuka taratibu, na jua lilikuwa bado halijazungukia upande wa madirisha, kwa hiyo chumba kilikuwa cha kijivu na kimya.

"Wamejibu kwa mpangilio," alisema.

"Mpangilio gani?"

"Wa namba za usajili. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho. Hakuna aliyemruka mwenzake. Na tazama saa. Saa tisa kamili, saa tisa na sekunde tatu, na sekunde sita, na sekunde tisa. Chuo kizima kimemaliza kwa dakika ishirini." Aliinua uso. "Watu hawaji hivyo, dada. Watu huja kwa makundi, mmoja kasahau miwani, mmoja karudi chooni."

Nikachukua karatasi. Darasa la saba langu linatosha kusoma namba, na orodha ya namba hizo mimi ndiye huwa naibandika kwenye ubao wa matangazo kila muhula.

"Huyu kumi na saba wa mwaka wa pili alihama," nilisema. "Mwaka jana. Godoro lake nililibeba mimi mpaka getini."

"Naye amekubali kabisa?"

"Kabisa."

Kwa mara ya kwanza wiki ile mdogo wangu alicheka, kicheko kidogo cha puani. Mimi nilikuwa nimeshaufikia mlango. Nilitaka nipande ghorofa ya pili nimwambie Mkuu wa Idara kwamba fomu zake zimejazwa na mashine, tena kabla hajakaa kitini.

"Kaa, dada."

"Nikae nini? Umeshinda."

"Nikisema mimi, watamtafuta aliyefanya. Atasimamishwa masomo. Mtu wa mwaka wa tatu huyo, au wa nne. Wa kwanza hawezi."

"Atakuwa amejitakia. Na wewe ukinyamaza, Jumanne unahamia kwa viti."

"Najua ninakohamia."

Tulitazamana. Ndugu yangu huyu ukimsukuma anazidi kulala, kwa hiyo sikumsukuma. Akaniomba nimwitie mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu wanayemwita Chapchap. Hakusema kwa nini ni yeye, na sikuuliza. Binti huyo anajulikana jengo zima: hajawahi kupanda ngazi kwa kukanyaga kila moja. Nilimkuta kantini saa ya chakula cha mchana, nikamwambia Bisibisi anamhitaji, na alivyoacha chapati yake nusu bila kubisha nikajua tumempata.

Chumbani alisimama mbele ya meza kama kwa daktari wa meno. Mdogo wangu akamsogezea kiti na orodha kwa pamoja.

"Mbona sekunde tatu?" alimwuliza.

Binti alitazama karatasi, akanitazama mimi, akaitazama feni.

"Nikiweka moja mtandao ulikuwa unakwama," alisema. "Nikaupa nafasi ya kupumua."

"Umefikiria vizuri."

"Bisibisi, mimi nilitaka kuwasaidia watu tu. Walikuwa wanataka matokeo, mtandao wenyewe unajikongoja, fomu ndefu, hakuna anayeisoma. Nikaandika programu fupi, haizidi nusu ukurasa. Inachukua namba, inabonyeza jibu la kwanza, inatuma. Jibu la kwanza la kila swali. Sikusoma maswali."

"La tano hukulisoma?"

"Nililisoma jioni yake. Nimeshatuma." Alikunja pembe ya karatasi. "Nilitaka kuja. Nikawa napita hapo mlangoni tu."

"Nimekuona ukipita mara nne," nikasema. "Nikadhani unatafuta choo."

Mdogo wangu alisubiri. Ana subira mbaya sana, ya kumfanya mtu aungame hata ya mwaka juzi. Kisha akasema, polepole, kama anaisoma hewani: "Mkuu wa Idara anakwenda kufunga kitu Jumanne. Hakuwepo mlipokifungua. Hajakaa humu, hajui waya gani uliingia wapi. Alichonacho ni mchoro mliompa ninyi. Sasa huu," akagusa orodha, "ni mchoro wa nani?"

Chapchap aliinamia orodha. Machozi hayakumtoka, tusitie chumvi hapa. Ila alikaa kwenye kile kiti kwa mara ya kwanza tangu aingie, na akakaa muda mrefu, na lile jua la madirisha marefu likaanza kuingia, likapanda mezani, likamfika mikononi. Mashine zilivuma. Mimi nilidai nafuta ubao ambao ulikuwa safi tangu Jumatatu.

"Watanisimamisha?" aliuliza.

"Sijui. Mimi sitawaambia. Nilitaka tu ujue kwamba naijua kazi yako nikiiona. Safi, ila imejibu kwa niaba ya watu wasiokuwepo."

Binti aliinuka. Nilimsikia akipanda ngazi za ghorofa ya pili, na safari hii alizikanyaga zote, moja moja.

Yaliyosemwa huko juu siyajui, mlango ule ni mnene. Najua kwamba Chapchap alipewa onyo la maandishi na hakusimamishwa, kwa sababu alijipeleka mwenyewe. Najua pia Mkuu wa Idara aliiita ofisi ya mitihani akawaambia maneno ambayo mama mpole kama yeye huwa anayaweka akiba. Matokeo yakaachiwa bila fomu. Na ikatangazwa kwamba Jumatatu wanafunzi watasikilizwa ana kwa ana, kumi kutoka kila mwaka, waliochaguliwa na wenzao, ndani ya chumba namba kumi na nne, saa nane mchana.

"Wewe usiwepo, Fundi," Mkuu wa Idara alimwambia mdogo wangu. "Ukiwepo watakusifia."

"Sawa kabisa."

Kwa hiyo siku hiyo aliketi kwenye benchi la korido, nje ya mlango wake mwenyewe. Mimi nilikuwa na dekio na ndoo, na kipande cha sakafu mbele ya mlango ule hakijawahi kupata usafi wa namna hiyo. Sauti zilikuja zikiwa zimelainika kwa mbao, zinapanda na kushuka. Mdogo wangu alisikiliza kama anavyosikiliza mashine. Baada ya muda kichwa chake kikaegemea ukuta. Nilipomtazama tena alikuwa amelala. Naapa. Watu wanaamua maisha yake upande wa pili wa mlango, na yeye mdomo wazi, anapumua kama mtoto aliyenyonya akashiba.

Sikumwamsha. Nikasikiliza kwa niaba yake.

Kijana mmoja alisema: "Wiki kumi na nne nimefungua skrubu. Nimekwenda kwenye mafunzo ya kazi miezi miwili, hakuna aliyeniuliza habari ya skrubu. Nampenda Bisibisi, lakini mnatuuliza kuhusu somo, si kuhusu mtu." Nilitaka niingie na ndoo. Halafu mwingine, msichana mwenye sauti ya mafua: "Mimi kule kazini nilipewa programu ya mtu aliyeacha kazi. Hakuacha hata mstari mmoja wa maelezo. Wenzangu walikwama. Mimi nilikaa nikaanza kuchora." Mwingine akasema somo ni zuri ila linachosha kuanzia wiki ya saba, mnarudia yale yale. Walicheka. Wakabishana. Mmoja alimwambia mwenzake "wewe unatetea kwa sababu humu kuna feni". Kisha ikaja sauti ya Chapchap, ya chini.

"Sharti la anayefungua hafungi lisiishie kwenye vyuma," alisema. "Liingizwe kwenye programu. Kundi moja liandike, kundi jingine ambalo halikuona liendeleze, kwa maelezo tu. Na anayepima maelezo awe Bisibisi. Mimi ningefundishwa hivyo, wala nisingefika hapa."

Walipiga kura kwa mikono, Mkuu wa Idara akahesabu kwa sauti. Somo lipunguzwe liwe wiki sita, na sharti lake lihamie masomo ya programu kwa miaka yote: ishirini na tisa. Liondolewe kabisa: kumi na moja. Wakakubaliana pia chumba kigawanywe nusu kwa ukuta wa mbao, nusu ya pili iwe ya takwimu. Bodi ingekaa kesho yake, na alisema atayapeleka hayo kama yalivyo, na wala hategemei yakataliwe.

Nikampiga mdogo wangu begani.

"Amka. Unabaki."

Alifungua jicho moja.

"Wiki sita," nikamwambia. "Na nusu ya chumba. Upande wa madirisha ni wako, nimesikia mwenyewe. Na utakuwa unaingia madarasa ya programu kupima maandishi yao."

Alifungua la pili. Alitazama mikono yake, akatazama korido, urefu wake wote, sakafu ikiwa bado na maji maji na mwanga umelala juu yake.

"Walioshindwa walikuwa wangapi?"

"Kumi na moja. Usinianzie."

"Walieleza?"

"Waliongea kuliko wote. Mkuu aliandika kila kitu."

Mlango ukafunguliwa, wakaanza kutoka, kwa makundi, wakisukumana. Wengine walimpa mkono. Yule kijana wa mafunzo ya kazi alitaka kupita pembeni kama hakumwona. Mdogo wangu akamshika kiwiko, akamwuliza ni wiki ipi hasa ilimpotezea muda. Kijana akaona haya, kisha akamwambia. Walisimama pale wakiongea mpaka korido ikabaki tupu.

Nilipomaliza ghorofa ya tatu nikarudi kumchukua twende nyumbani. Nilimkuta mezani kwake, kalamu mkononi, karatasi alizoandika Mkuu wa Idara mbele yake, zile za wale kumi na moja zimewekwa juu. Jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye pindo la mapazia na chumba kizima kilikuwa cha dhahabu. Orodha ya wiki zake kumi na nne ilikuwa imejaa mistari ya kufuta. Ya tatu imekwenda. Ya saba, ya nane, ya kumi, zimekwenda.

"Twende, watu wamekwisha kufunga mageti."

"Bado kidogo, dada," alisema bila kuinua kichwa, akachora mstari mwingine. "Hata kuhusu ya tisa walisema kweli."